Uzinduzi wa Ngao ya Namba za Wazee

Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Taifa wa Mfumo wa Ngao, uliye nasi asubuhi hii kwa njia ya simu, ambayo nimeiweka hapa mezani, sauti juu, karibu na kipaza sauti, na ninaomba mtu yeyote asiiguse wala asiiwekee glasi ya maji karibu. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakaimu Wakuu wa Idara, na ninyi mnaokaimu nafasi za wakaimu. Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Bibi Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti. Bwana Fundi Mitambo, uliyenihakikishia kwamba mlio ule utaisha. Wanahabari, yaani yule mmoja. Wazee wetu wapendwa, wastaafu, wajane, wagane, na wote mnaopokea ruzuku ya uzeeni kupitia dirisha letu. Mama yangu mzazi, uliyekaa safu ya kwanza pale kwenye kiti chenye kitambaa. Wageni mlioalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmeona kuna viti na feni: ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa, tena kwa cheo kikubwa kuliko alichonacho.

(Makofi. Mlio wa kipaza sauti. Makofi yanakatika.)

Nimeagizwa niwe mfupi. Agizo hilo limetoka kwa mpiga chapa wangu, binti aliyeipiga hotuba hii mara saba kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nakumbuka sifa nyingine ninayostahili. Nimemjibu kwa maandishi kwamba ufupi ni jambo linalohitaji mchakato shirikishi, na mchakato huo haujaanza. Hotuba ina kurasa kumi na tisa. Wenye kusinzia wasinzie kwa utaratibu, wakianzia safu za nyuma.

Kwa wasionifahamu, ingawa sioni ni nani huyo, mimi ndiye Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu za Wanufaika wa Ruzuku ya Uzeeni, na papo hapo Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko, kitengo ambacho, kwa kuwa malalamiko yake yote yananihusu mimi, kimekuwa kikifanya kazi kwa utulivu wa hali ya juu. Ofisi yangu ni ile ya ghorofa ya kwanza, yenye droo ya muhuri inayofungwa kwa kufuli mbili. Najua mkishatoka mlangoni mnaniita Bwana Muhuri. Nimesikia, tena kwa masikio yangu, nikiwa chooni. Sikukasirika. Nilirudi mezani nikajiuliza, Bwana Muhuri amekosa nini? Ofisi bila muhuri itajuaje kilichopokelewa na kisichopokelewa?

(Kicheko. Mtu mmoja nyuma: "Sema, Bwana Muhuri!")

Nasema. Ndugu zangu, changamoto iliyo mbele yetu ni kubwa, ni mtambuka, na inakua kwa kasi isiyoridhisha. Tapeli wa siku hizi haji na panga. Anakuja na shikamoo. Anakupigia saa nne asubuhi umekaa zako unakunja nguo, anakuita mama au baba, anakuuliza hali ya magoti, kisha anakwambia anapiga kutoka ofisi ya ruzuku, akaunti yako ina hitilafu, umtajie namba ya kitambulisho upesi kabla mtandao haujafungwa. Ukitaja, umekwisha. Yule mama fundi cherehani wa mkabala na ofisi yetu alitaja, na ruzuku yake ya miezi miwili ikayeyuka kabla hajakata simu. Alikuja kwetu analia, nasi tulimhudumia papo kwa papo: tulimpa fomu, naye alipomaliza kuijaza tukampa nakala yake.

(Kicheko hapa na pale. Mama fundi cherehani hacheki.)

Ndipo Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, saa tatu na nusu asubuhi, simu yangu ya mkononi ikalia. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ilikuwa nzito, sauti ya mtu aliyekula akashiba na kulala vizuri. Ikauliza: "Nazungumza na Mkurugenzi?" Mabibi na mabwana, mimi si Mkurugenzi. Sijawahi kuwa. Nimeomba nafasi hiyo mara tano, na barua zote tano za kunikatalia ninazo katika faili, zimepangwa kwa tarehe. Lakini mtu akikuita hivyo kabla hujanywa chai, kwa sauti ile, utaanza kumsahihisha? Nilisimama. Nilifunga kifungo cha koti. Nikasema, "Ndiye."

(Makofi. Sauti kwenye simu iliyo mezani: "Endelea, Mkurugenzi. Tuangalie muda.")

Mmemsikia wenyewe! Ndivyo anavyoniita. Akaniambia, "Tumekuwa tukikufuatilia kwa muda mrefu." Nami moyoni nikasema, hatimaye! Miaka ishirini na miwili nimesubiri mtu wa juu anifuatilie, kumbe ananifuatilia na mimi sina habari. Akanieleza kwamba Taifa linaanzisha Mfumo wa Ngao, na kwamba dhana yake kuu ni nyepesi kama maji: namba za wazee zikikusanywa zote mahali pamoja, tapeli akimpigia mzee hatazikuta. Nilishangaa kwa nini sisi wataalamu hatukuliona jambo hilo mapema. Akaniteua papo hapo kuwa Mratibu wa Kanda. Akanionya pia nisiwaambie wakuu wenzangu hadi siku ya uzinduzi, wasije wakanionea gere. Waheshimiwa, leo ndiyo mnasikia kwa mara ya kwanza, na nikiziangalia nyuso zenu hapa mbele, naona gere imeshaanza.

Sasa utekelezaji, maana mimi si mtu wa maneno matupu, ingawa yale yaliyojaa ninayo mengi. Tuliendesha semina tatu za kujengeana uwezo, mada ikiwa Usimtajie Mtu Namba Yako. Mlangoni niliweka daftari la mahudhurio lenye safu tano: jina, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti ya ruzuku, namba ya simu, na sahihi au dole gumba. Nilitoa mwongozo mkali kwamba asiyejaza safu zote tano hapewi soda. Kwa mkakati huo jumuishi, wazee mia tatu themanini na wanane kati ya mia nne na kumi na wawili walijaza, sawa na asilimia tisini na nne nukta moja saba, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na ofisi yetu kwa jambo lolote lile, hata kurudisha vikombe jikoni. Kila jioni nilizipiga picha kurasa zote, mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nikamtumia Mheshimiwa Mratibu ili zikahifadhiwe salama.

(Makofi. Wakuu wa Idara wawili wanatazamana.)

Waliobaki ishirini na wanne tumewaweka kwenye kundi la wadau wenye uelewa hafifu. Kiongozi wao yuko hapa, namwona pale pembeni. Ni mzee wetu wa masijala, karani mstaafu aliyetutunzia mafaili kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye alifika kwenye semina, akasikiliza, akalitazama daftari, akalifunga, akasema soda hatumii na kwamba atakunywa maji ya bomba. Sikumlaumu. Mabadiliko si rahisi kwa kila mtu.

(Kicheko. Mzee wa masijala anainua mkono.)

Mzee wangu, maswali baadaye, kuna ukurasa wake. Niko kwenye ukurasa wa saba, na ukurasa wa saba ni wa mama yangu.

Ndugu wananchi, kiongozi wa kweli huanza nyumbani. Mnamfahamu mama. Matapeli wamempigia mara tatu, na mara zote tatu wameondoka mikono mitupu. Yule wa mwisho mama alimwambia, "Subiri baba, nitafute miwani niisome vizuri," akaiweka simu dirishani, akaenda kufua mashuka. Alipomaliza kuanika, yule bwana bado alikuwa anasema haloo.

(Kicheko kikubwa. Makofi kwa mama.)

Sasa huyo ndiye niliyemchagua awe wa kwanza kuingizwa kwenye Ngao. Nyote mnajua macho yake. Mtoto wa jicho amemfunika, anawatambua watu kwa sauti zao. Wiki iliyopita malimbikizo yake ya miezi saba yaliingia, akasema hizo si za chakula wala si za pango, hizo ni za upasuaji, na daktari amempangia Jumatano ijayo. Basi nikaona fedha yenye kazi kubwa namna hiyo haifai kukaa bila ulinzi. Asubuhi hii nilipompitia nimlete huku, Mheshimiwa Mratibu alituma kwenye simu yake tarakimu sita za uthibitisho, nikamwomba anipe simu nizisome. Mama akaikumbatia. Akaniuliza, "Mwanangu, si ndizo zile mlizotuambia tusimpe mtu?" Nikamjibu kitaalamu: "Mama, mimi ni mtu?" Akafikiri. Akasema, "Wewe si mtu, wewe ni mwanangu." Akanipa.

(Makofi. Mama anatabasamu upande ambao si wa jukwaa.)

Nilizisoma kwa simu, Mheshimiwa akasema, "Imekubali." Tukafurahi. Na ninyi nyote, saa tano kamili, yaani dakika chache zijazo, mtapokea tarakimu sita kila mmoja kwenye simu yake. Mtapanga mstari hapa mbele, mtazisoma moja baada ya nyingine kwenye kipaza sauti, Mheshimiwa atazisikia, na Ngao itawaka. Hivyo ndivyo tunavyozindua.

(Sauti kwenye simu: "Wapange mstari mapema, Mkurugenzi. Zikikaa sana zinaharibika.")

Tumesikia. Kamati Ndogo ya Viti, wapangeni. Mzee wa masijala, mkono wako umekaa juu muda mrefu mno, utapata ganzi. Haya, uliza, lakini uliza kwa ufupi, mimi ndiye mrefu leo.

(Mzee wa masijala anasimama: "Nilitaka kuuliza tu, huu mradi una barua?")

Una barua! Ala! Mzee, unamuuliza nani? Mtu ambaye hata mke wangu akitaka kwenda kwao huniachia dokezo? Barua hii hapa. Iko kwenye faili, faili liko mkononi mwangu, tazameni wote: Yah, Uteuzi wa Mratibu wa Kanda. Ina tarehe, ina muhuri, tena muhuri umekaa sawasawa, haukuteleza. Umeridhika?

("Kumbukumbu namba?")

Haya, jamani, ndiyo maana ya masijala. Kumbukumbu namba inaanza na herufi za Kitengo cha Kumbukumbu za Wanufaika, mkwaju, kumi na nne, mkwaju...

("Hizo ni herufi zetu sisi. Barua ya juu inakuja na herufi za juu. Hiyo nani kaiandika?")

Mzee, utaratibu ulikuwa hivi, na nakueleza kwa faida ya wote. Mheshimiwa Mratibu alisema barua kutoka juu itachelewa, na kazi haiwezi kusubiri, kwa hiyo akanisomea maneno yake kwa simu, mimi nikamsomea mpiga chapa, mpiga chapa akaipiga, nikaisaini kwa niaba ya Mheshimiwa, kisha nikaifunga kwenye bahasha, nikajiandikia anuani, nikaitoa nje ya mlango, nikaiingiza ndani, nikaipiga muhuri wa Imepokelewa. Ikaingia faili. Siku ya pili nikalifungua faili nikaikuta barua, imepokelewa. Nikaijibu kwa kuukubali uteuzi. Jibu langu likaja mezani kwangu. Nikaliidhinisha.

(Mzee wa masijala anaketi polepole.)

Nikaliidhinisha mimi.

(Mpiga chapa, kutoka mlangoni: "Bosi, nilikuuliza siku ile, ukaniambia mambo ya juu hayaulizwi.")

Aliniuliza. Ni kweli. Naomba... naomba hiyo glasi ya maji. Ndiyo, iweke hapahapa karibu na simu, haidhuru.

(Tii. Simu moja ukumbini. Tii. Tii. Kisha simu nyingi kwa pamoja. Sauti kwenye simu: "Tayari! Waambie waanze kusoma. Dakika kumi tu, Mkurugenzi, haraka, usiniangushe.")

Wazee wangu, subirini kidogo. Niko ukurasa wa kumi na moja, na sioni vizuri mstari ulipo. Mzee uliye mbele ya mstari, subiri. Ndiyo, nakuona umeishika simu. Subiri, baba. Mimi ni mtu wa taratibu, na kuna utaratibu... Mama? Mama, kaa tu, usisimame, utajikwaa kwenye nyaya.

(Mama amesimama, ameinyoosha simu yake kuelekea sauti ya mwanawe: "Na mimi niliingiwa na ujumbe, tangu saa tatu. Nilijua ndiyo hiyo Ngao. Nikakuwekea unisomee.")

Nipe, mama. Nipeni hiyo simu. Asante.

Ujumbe unasema... Ndugu wageni waalikwa, ujumbe unasema umetoa fedha. Unataja kiasi. Unasema salio lako ni sifuri.

("Sifuri ndiyo nini? Ndiyo imewaka?")

Hapana, mama. Haikuwaka.

(Sauti kwenye simu: "Mkurugenzi, achana na hayo, ni hitilafu ndogo tu, yule wa mbele aanze. Tarakimu ya kwanza!" Mzee aliye mbele ya mstari anaisogeza simu machoni: "Ya kwanza ni nne, ya pili...")

Mzee, funga mdomo! Nisamehe, baba, shikamoo, lakini funga mdomo! Wote! Wekeni simu mifukoni! Asisome mtu! Asisome mtu hata tarakimu moja, kwa jina la... kwa jina la ofisi hii, kama bado ina jina! Futeni huo ujumbe! Mheshimiwa Mratibu! Haloo! Wewe nani? Nakuuliza wewe, jitaje jina, jitaje cheo, jitaje hata kijiwe unachopigia! Haloo!

(Tuu, tuu, tuu.)

Amekata.

(Kelele. Bibi mmoja: "Basi ndiyo tumekwisha!" Mkuu wa Idara mmoja anasimama: "Bwana, shuka jukwaani.")

Sishuki. Mheshimiwa, nitashuka, lakini si sasa. Kwa miaka ishirini na miwili nimewachosha watu hawa kwa mambo yasiyowahusu, leo nina jambo moja linalowahusu, nitalimaliza. Kaeni. Bibi, hamjaisha. Alichonacho ni namba za kitambulisho na za akaunti, na hizo alizipata kwangu. Asichonacho ni hizi tarakimu sita, na bila hizo mlango haufunguki. Zimo mikononi mwenu na hazijatoka. Sasa hivi mnatoka hapa mnakwenda dirisha namba tatu, zile akaunti zinafungiwa, mnapewa namba mpya za siri. Karani wa dirisha, najua umekaa nyuma kwa sababu niliamuru ofisi nzima ifungwe ili ukumbi ujae. Simama, nenda, fungua. Hakuna fomu. Narudia kwa sauti, kwa sababu neno hili halijawahi kutoka kinywani mwangu: hakuna fomu. Akipiga tena, na atapiga, na atasema anatoka kwangu, mkatieni.

Na ninyi msioingiwa na haraka, pamoja na huyu mwanahabari wetu ambaye naona leo ndiyo ameanza kuandika, nisikilizeni. Nimetapeliwa. Naomba neno hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Tena sikutapeliwa kama watu. Mama fundi cherehani alitapeliwa namba yake mwenyewe, mara moja, kwa dakika tatu, akashtuka. Mimi nilitapeliwa kwa wiki tatu, kwa ratiba, pamoja na semina. Tapeli hakuniibia kitu, aliniajiri. Na wallahi nilimfanyia kazi! Nilibaki ofisini hadi saa kumi na mbili jioni, mimi ambaye saa tisa na nusu nakuwa nimeshafunga kalamu. Sikudai posho. Sikuumwa hata siku moja. Laiti ofisi hii ingeupata nusu ya utumishi nilioutoa kwa yule mwizi, mngenijengea sanamu. Na yote hayo kwa nini? Kwa sababu aliniita Mkurugenzi. Hakunipa hata senti, alinipa neno moja tu, nami nikampa wazee mia tatu themanini na wanane na mama yangu juu yake.

(Mama fundi cherehani: "Angalau wewe hukupewa fomu!" Kicheko.)

Haki yangu, mama. Umenipata. Na mimi mwenyewe ndiye ninayekaimu Malalamiko, kwa hiyo kesho asubuhi nitapanga foleni kwenye mlango wangu nijilalamikie, na najua nitakavyojijibu.

Sasa ukurasa wa kumi na tisa, wa shukrani. Nitausoma kama ulivyo, nikisahihisha njiani.

Namshukuru kwa dhati Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Taifa kwa uongozi wake uliotukuka. Sijawahi kumwona, na nadhani vijana wa polisi wakimwona watamtambua kwa jina jingine. Nawashukuru wafadhili wetu wa maendeleo, ambao sikuuliza ni akina nani kwa sababu niliona kuuliza ni ukosefu wa adabu. Namshukuru mpiga chapa wangu kwa kuniuliza, na ninamwomba radhi kwa jibu. Namshukuru mzee wa masijala na wenzake ishirini na watatu kwa uelewa wao hafifu, na ninapendekeza idara zote ziuige. Naushukuru Mradi wa Ngao ya Namba za Wazee kwa mafanikio yake ya asilimia tisini na nne nukta moja saba, mradi ambao haukuwahi kuwapo, si juu, si chini, si katika ofisi yoyote wala faili lolote, ila hili nililolifungua mimi, likajaa barua zangu nilizojiandikia na kujijibu kwa heshima kubwa.

Na mwisho namshukuru mama yangu, ambaye ni mtu pekee aliyelipia mradi ambao haupo. Mama, nisikilize mimi, si kipaza sauti. Jumatano tunakwenda hospitali kama ilivyopangwa. Nitalipa mimi. Kile kikoti cha uzinduzi nilichokishonesha kwa leo, hiki nilichokivaa, kitauzwa jioni hii, na pikipiki itauzwa kesho, na bado nitahitaji msamaha wako, ambao huo sijui unauzwa wapi. Matapeli watatu uliwashinda peke yako na macho hayo hayo. Wa nne nilikuja naye mimi, nikamkalisha mezani kwako, nikanywa na chai yako.

(Mama anakunja kitambaa cha kiti.)

Tufunge kwa kaulimbiu. Ilikuwepo nyingine imechapwa kwenye fulana za uzinduzi, msizivae, ni ya yule tapeli. Hii ni yangu, nimeitunga sasa hivi, haijapitishwa na kamati yoyote. Nikiuliza, mjibu. Akiomba namba karani wa dirisha?

("Hatumpi!")

Akiomba Mkuu wa Kitengo, kavaa koti, kashika faili lenye muhuri?

("Hatumpi!" Viatu vinagonga sakafu.)

Akiomba mtu wa juu, wa juu kabisa, sauti nzito?

("Hatumpi!")

Akiomba mwanao wa kumzaa?

(Wote wanamgeukia mama. Mama: "Huyo nitampa tu. Kwa hiyo usiniombe.")

Sitakuomba, mama.

Waheshimiwa, nashuka. Dirisha namba tatu liko wazi.